Shoka la Milimani: Umri Wake Twaujuaje?

Leo tuseme habari ya shoka. Si lile la kupasulia kuni tu, bali lile la watu wa milima ya kaskazini ya kisiwa cha Luzon, katika nchi ya Ufilipino. Wageni wamezoea kuwaita wote Igorot, kumbe ni makabila mengi: Wabontoc, Wakalinga, Watinguian na wengineo. Zamani shoka hilo lilikata vichwa vya adui. Ndivyo ilivyokuwa, wala tusifiche. Lakini lilikata pia miti ya kujengea.

Kabila lake hujulikana kwa umbo. Mbele pana makali, nyuma pana ncha kama mdomo wa ndege. La Wakalinga ni jembamba, makali yamepinda kwa ndani, na ncha ni ndefu sana. La Wabontoc ni pana zaidi, makali yamenyooka, ncha ni fupi. Lakini tahadhari! Mashoka yaliuzwa toka bonde hata bonde, kwa hiyo kijiji lilikookotwa huenda sicho kijiji cha mhunzi wake.

Na umri je? Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mnunuzi huona kutu, akadhani ameona miaka mia, naye mwuzaji hamkatazi. Kutu si shahidi: chuma kipya kikilala penye unyevu, hushika kutu upesi. Afadhali kuutazama mpini. Ule uliotumika kweli umelainika pale mkono uliposhika, si mahali pote sawasawa. Hata hivyo mpini huvunjika, ukawekwa mwingine. Waweza kuwa mjukuu wa chuma chake. Tena chuma kikiwa kimetolewa katika springi ya motokaa, shoka haliwezi kuwa la kabla ya motokaa.

Shahidi mkubwa ni maandishi. Mmarekani Fay-Cooper Cole alikaa kwa Watinguian mwaka 1907 na 1908, akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Chicago. Shoka aliloliandika katika safari ile, walau twajua halikufuliwa baada ya 1908. Mengine yasiyo na tarehe hulinganishwa na hayo.

Basi ninyi wanafunzi, mkipewa kitu cha kale, msikimbilie mchanga na kukisugua. Mwulizeni kwanza mwenyewe: nani alikifua, wapi, nani alikitumia? Andikeni jibu pamoja na tarehe, na karatasi hiyo ifungwe penye mpini kwa uzi.