Rudini Mngali Hai

Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Watu wa Kenyenya, kaunti ya Kisii, wanaijua methali hii kwa vitendo, ila siku hizi wengi wao hurejea wakiwa sandukuni. Mtu akifa Minnesota, makundi ya WhatsApp hujaa michango, maelfu ya dola yakapatikana upesi, mwili ukashushwa Nairobi, ukapitishwa Narok, Bomet na Sotik hadi Kisii. Huzikwa kando ya nyumba aliyoijenga marehemu mwenyewe, nyumba ambayo labda alilala humo wakati wa Krismasi tu.

Sibezi mila ya kuzikana nyumbani. Ninachouliza ni hiki: kwa nini tuwe wepesi kumchangia maiti nauli ya kurudi, na wazito kumwandalia aliye hai njia hiyo hiyo?

Zitazame nyumba zenyewe. Bati la rangi, lango la chuma, vigae vya kung'aa barazani. Juu ya vigae hivyo mlinzi ameanika mahindi na maharagwe, na yeye analala katika kijumba cha uani. Vyumba vingine vyote vina kufuli. Pesa basi si haba. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu takriban dola bilioni 4.9 zilizotumwa na Wakenya walio ng'ambo mwaka 2024, kiasi kinachoyapita mbali mapato ya chai tunayouza nje. Kinachokosekana ni mwenye nyumba.

Babu zetu nao walihama. Walikwenda kwenye mashamba ya chai ya Kericho, wakakaa huko miaka na miaka. Lakini mtu wa Kericho alikuja likizo akalima, akapanda migomba, akaketi na wazee na kusikiliza kesi za mipaka. Alipostaafu hakuwa mgeni. Marekani ni mbali, nauli ni ghali, nakubali. Hata hivyo, anayekuja mazishini tu na kuondoka baada ya wiki mbili hajifunzi kuishi Kenyenya. Afadhali aje akae miezi michache wakati wa mvua, barabara zikiwa tope, ndipo aamue.

Kisha kuna sheria, na hapa wengi wamelala. Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi nyingine pia. Lakini aliyeupoteza uraia wake kabla ya Katiba hiyo kwa kuchukua wa kigeni harudishiwi hivi hivi, sharti auombe. Asipouomba, yeye ni mgeni kisheria, na Kifungu cha 65 hakimpi mgeni haki ya ardhi ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Hebu fikiria mwana wa Kenyenya kuwa mpangaji katika shamba la babake! Na shamba lenyewe mara nyingi hati yake ingali kwa jina la babu aliyekwisha kufa, mirathi haijafunguliwa, na ndugu watano kila mmoja ana mpaka wake kichwani. Kaunti ya Kisii ina watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba. Hapa hatua moja ya udongo huleta panga.

Nanyi mliobaki nyumbani, msidhani mmesalimika. Nani alikula pesa za saruji akawa anatuma picha za nyumba ya jirani? Nani humpandishia bei ya mchanga mtu akisikia tu kwamba ametoka majuu? Na kuna baya zaidi. Oktoba 2021, huko Marani, katika kaunti hii hii, wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mama aliyezeekea Dallas akisoma habari hiyo, tumwambie arudi kwa nani? Machifu, wachungaji na wazee wa vijiji wasipolikemea jambo hili waziwazi, mwaliko wetu ni unafiki.

Wengine watasema: hospitali je? Hoja hiyo ina uzito. Medicare, bima ya wazee ya Marekani, kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya nchi hiyo. Lakini wanaosema hivyo mara nyingi ndio wauguzi wenyewe! Watu wetu wamewatunza wazee wa Kizungu miaka na miaka. Wanajua kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda, wanajua kupima sukari na kupanga dawa za presha. Huku nyumbani mzee aliyepooza anaachiwa mjukuu wa darasa la sita. Muuguzi mmoja akirudi akiwa na miaka hamsini, akafundisha vijana kumi kazi hiyo, atakuwa ameifaa Kenyenya kuliko ghorofa tupu. Akirudi na themanini, yeye ndiye atakayehitaji kugeuzwa.

Basi ndugu yangu uliyeko Minneapolis au Doha, kabla hujatuma pesa za ghorofa ya pili, mtume mtu unayemwamini aende ofisi ya ardhi akaulize shamba la baba limeandikwa jina la nani. Kama ni la marehemu, anzeni mirathi mwaka huu, wazee wanaoijua mipaka wakiwa bado hai.