Baraza Jipya la Vijana: Kwa Nini Kutazama Wengine Wakicheza Gemu Kunavutia Ngara na Biharamulo

Katika vituo vya biashara vya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, si jambo geni siku hizi kuwakuta vijana watatu au wanne wameinamia simu janja moja, wakishangilia na kulaumu kwa zamu. Mtu mzima anayepita hudhani wanacheza. Akisogea karibu hugundua kuwa hakuna mmoja wao anayecheza. Wanamtazama mtu mwingine, aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au ng'ambo ya bahari, akicheza mpira wa kwenye kompyuta au mchezo wa mapigano, huku akizungumza mfululizo kueleza anachokifanya.

Kwa mzazi aliyekulia katika shamba la migomba na kahawa, jambo hili linashangaza. Kucheza kunaeleweka, lakini kukaa saa mbili ukitazama mikono ya mwenzako kunaonekana ni kupoteza muda mara mbili. Ndiyo maana jibu la haraka katika kaya nyingi limekuwa ni kumnyang'anya mtoto simu. Hata hivyo, hatua hiyo hailijibu swali la msingi: kijana anafuata nini katika mchezo asioucheza? Bila jibu la swali hilo, ni vigumu kwa mzazi, mwalimu au kiongozi wa kijiji kutenganisha burudani ya kawaida na hatari halisi.

Ukweli ni kwamba kutazama wengine wakicheza ni desturi ya siku nyingi katika jamii zetu. Mchezo wa bao, ambao ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda na Burundi hujulikana kama igisoro, huchezwa na watu wawili lakini huzungukwa na watu wengi zaidi. Watazamaji hao huhesabu kete kimoyomoyo, hubishana kuhusu hatua iliyopita na hujifunza kwa kumtazama fundi. Hali ni hiyo hiyo kwenye drafti inayochezwa vijiweni kwa vizibo vya soda. Kijana wa zamani alikaa kando ya wakubwa kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kugusa kete.

Vivyo hivyo, kwa miongo kadhaa Watanzania wa mikoa ya pembezoni walizifuata mechi za Simba na Yanga wasizoweza kuziona kwa macho, kupitia sauti za watangazaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam kama Ahmed Jongo na Dominic Chilambo. Msikilizaji aliyekuwa Rulenge au Nyakahura hakuwa uwanjani, lakini mtangazaji alimfanya ajione yupo. Baadaye vikaja vibanda umiza, ambako filamu za kigeni zilipata wasimulizi wa Kiswahili. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu mkubwa kwa kuzisimulia filamu hizo, na wapo watazamaji waliochagua filamu kwa sababu ya sauti yake kuliko kwa sababu ya waigizaji.

Mchezaji wa gemu anayerusha mchezo wake mtandaoni ameziunganisha kazi hizo zote. Yeye ni fundi wa bao, ni mtangazaji wa mpira na ni msimulizi wa filamu kwa wakati mmoja. Kijana anayemtazama hupata mambo matatu. Kwanza, hupata mafunzo, kwa kuwa huona namna ya kuvuka hatua iliyomshinda yeye. Pili, hupata mwenza, yaani sauti inayozungumza kana kwamba inamzungumzia yeye, jambo lenye uzito kwa kijana aliyemaliza shule na anayesubiri kazi. Tatu, hupata mada ya mazungumzo, maana kesho yake kijiweni ataweza kuchangia kile ambacho wenzake nao wamekitazama.

Ipo pia sababu ya kiufundi, na katika wilaya hizi mbili sababu hiyo ina nguvu ya pekee. Kucheza gemu za kisasa kunahitaji simu yenye uwezo mkubwa na nafasi ya kutosha ya kuhifadhi programu, ambayo mara nyingi huzidi gigabaiti moja. Aidha, mchezo wa mtandaoni hudai mawasiliano ya papo kwa papo; mtandao ukichelewa hata kwa sekunde moja, mchezaji hufungwa kabla hajauona mpira. Video haina sharti hilo. Hujipakia kidogo kidogo kabla ya kuonekana, na mtandao ukiyumba, mtazamaji husubiri kisha huendelea. Kwa hiyo, kijana mwenye simu ya bei nafuu katika kijiji ambacho mtandao wake si imara hujikuta akiweza kutazama asichoweza kukicheza.

Uwezo huo wa kutazama nao ni wa karibuni. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilitegemea umeme wa majenereta ya dizeli kabla ya kuunganishwa na Gridi ya Taifa. Mradi wa umeme wa maporomoko ya Rusumo wenye uwezo wa megawati 80, unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, nao umeongeza nguvu katika ukanda huo. Kwa upande wa mawasiliano, mwaka 2023 Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilitia saini mikataba ya ujenzi wa minara 758 katika maeneo ya vijijini nchini. Umeme wa kuchaji simu na mnara wa kuleta intaneti vimefungua milango ya elimu, biashara na huduma za fedha. Kupitia milango hiyo hiyo, burudani za dunia nzima zimeingia.

Nafasi ya kijiografia ya wilaya hizi inaongeza kasi ya mabadiliko hayo. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ni njia panda ya magari yaendayo Kigoma, Mwanza, Bukoba na mpakani Rusumo. Madereva wa malori, wafanyabiashara na wasafiri hukaa kwa saa nyingi wakisubiri mzigo, abiria au kibali. Pale ambapo watu husubiri kwa muda mrefu, simu huwa ndiyo baraza.

Duniani, baraza hilo limekwishageuka kuwa biashara kubwa. Jukwaa la Twitch, linalojulikana zaidi kwa kurusha michezo ya gemu moja kwa moja, lilianza mwaka 2011, na miaka mitatu baadaye kampuni ya Amazon ililinunua kwa takriban Dola za Marekani milioni 970. Fedha hizo hazikulipwa kwa ajili ya gemu, bali kwa ajili ya watazamaji. Majukwaa ya aina hii huuza muda wa mtazamaji kwa watangazaji wa bidhaa, na kwa sababu hiyo yametengenezwa ili video moja ikiisha nyingine ianze yenyewe. Fundi wa bao alipochoka, kete zilirudishwa mfukoni na watu wakatawanyika. Simu haichoki wala haimwambii mtoto kuwa usiku umeingia.

Hapo ndipo gharama inapoanza kuonekana. Saa moja ya video yenye ubora wa kati hutumia takriban megabaiti 500 hadi 700. Kucheza mchezo wenyewe mtandaoni, baada ya programu kupakuliwa, kwa kawaida hutumia kiasi kidogo zaidi. Kinyume na wanavyodhani wazazi wengi, kutazama hula bando kuliko kucheza. Kijana anayetazama kwa saa mbili kila siku anaweza kumaliza gigabaiti 30 au zaidi kwa mwezi, gharama ambayo katika kaya inayotegemea mauzo ya maharage au ndizi hushindana na daftari, sabuni na nauli.

Gharama nyingine haionekani kwenye salio. Majukwaa kama YouTube na TikTok yameweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kumiliki akaunti. Hata hivyo, katika kaya nyingi simu ni moja, nayo ni ya baba au mama. Mtoto wa miaka tisa anapoishika, jukwaa humhesabu kuwa ni mtu mzima mwenye akaunti hiyo. Matangazo yanayomjia ni ya mtu mzima, yakiwemo ya kubeti. Lugha anayoisikia ni ya mtu mzima. Na wanaoandika ujumbe pembeni mwa mchezo unaorushwa ni watu asiowajua. Kwa mujibu wa sheria ya michezo ya kubahatisha nchini, mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki michezo hiyo. Lakini kijana aliyezoea kutazama mpira wa kwenye kompyuta huwa hatua chache tu kutoka kwenye mkeka, hasa pale anayemtazama naye anapoutangaza.

Ni vyema tahadhari hii isizidishwe. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limetambua tatizo la mtu kushindwa kudhibiti uchezaji wa gemu. Vigezo vyake ni vizito: mtu hushindwa kujizuia, huupa mchezo kipaumbele kuliko mambo mengine ya maisha, na huendelea hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa kipindi kisichopungua miezi 12. Utambuzi huo unahusu kucheza, si kutazama, na wapenzi wengi wa gemu hawafikii hali hiyo. Mwanafunzi anayetazama kwa saa moja jioni baada ya kumaliza kazi za shule na za nyumbani si mgonjwa. Anayelala saa tisa usiku na kusinzia darasani anahitaji kusaidiwa, bila kujali kilichomkesesha ni gemu, filamu au mpira.

Sheria za nchi zimeweka msingi wa kumlinda mtoto. Ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mabanda ya kuonesha video nayo yanaguswa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, ambayo chini yake filamu hukaguliwa na kupangiwa umri wa watazamaji. Banda lina mlango, na mwenye banda anaweza kuulizwa kwa nini amemruhusu mtoto kuingia. Simu haina mlango wa aina hiyo. Anayeweza kusimama mlangoni ni mzazi au mlezi.

Kusimama mlangoni hakuhitaji utaalamu mkubwa. Mzazi anaweza kuanza kwa kukaa na mtoto na kutazama pamoja naye walau mara moja, amuulize anayecheza ni nani na anasema nini. Anaweza kuzima kipengele cha video kujiendesha zenyewe, kuwasha mipangilio ya kuchuja maudhui, na kuweka saa ya simu kulala nje ya chumba cha watoto. Pale mtoto anapoombwa picha, fedha au siri na mtu asiyemjua, taarifa itolewe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi, au kwa kupiga bure namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto.

Shule na halmashauri nazo zina nafasi. Klabu za kidijitali zinazoratibiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zinaweza kuyageuza mapenzi ya gemu kuwa mlango wa kujifunza jinsi programu zinavyotengenezwa, jinsi majukwaa yanavyopata fedha na jinsi ya kutambua utapeli. Mwanafunzi akijua kwamba muda wake ndio bidhaa inayouzwa, huutumia kwa uangalifu zaidi.

Upo pia upande wa fursa. Watazamaji wa Kiswahili ni wengi kuliko warushaji wa Kiswahili, na vijana wengi bado hutazama maelezo ya lugha wasizozielewa vizuri. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui ya kidijitali, ishara kwamba Serikali inaitambua shughuli hiyo kuwa ni kazi yenye kipato. Vijana waliojiunga katika vikundi wanaweza pia kuomba mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 hutengwa kwa ajili ya vijana. Ni kweli kwamba wanaofanikiwa katika kazi hii ni wachache, na hakuna anayepaswa kuacha shule kwa matumaini ya kuwa mmoja wao. Lakini ujuzi wa kuhariri video, kutangaza na kutunza vifaa unahitajika pia katika redio, harusi, mikutano na biashara za mji wowote.

Katika baraza la bao, mtoto alitazama akiwa amezungukwa na wakubwa. Mzee aliyeona jua limezama alimwambia aende akafunge mbuzi, na neno chafu likitamkwa, alikuwepo wa kulikemea. Baraza la simu limebaki na mchezo, fundi na kelele za mashabiki, lakini mara nyingi halina mzee. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu siku hizi umo ndani ya simu iliyoachwa mezani. Kwa wazazi na walezi wa Ngara na Biharamulo, kazi iliyo mbele si kulivunja baraza hilo. Ni kuvuta kigoda na kukaa humo pamoja na watoto wao.