Swali Moja, Mara 12

Malenga wenzangu, kazi ya kibwagizo tunaijua: beti hubadilika, mshororo wa mwisho hurudi ule ule, na kila urudipo huzidi uzito. Nje ya ushairi, kibwagizo kilichonikaa zaidi moyoni nilikisikia kwa mwandishi wa habari wa Uingereza, Jeremy Paxman.

Paxman aliripoti machafuko ya Ireland ya Kaskazini katika miaka ya 1970, kisha akawa mtangazaji wa kipindi cha Newsnight cha BBC kuanzia 1989 hadi 2014. Usiku mmoja wa Mei 1997 alimhoji Michael Howard, aliyekuwa ametoka tu katika uwaziri wa mambo ya ndani na akiwania uongozi wa chama chake cha Conservative. Je, Howard alipokuwa waziri alimtishia mkuu wa idara ya magereza, Derek Lewis, kwamba angeutengua uamuzi wake kuhusu mkuu wa gereza la Parkhurst? Howard alieleza mamlaka yake na mipaka yake, jibu halikuja. Paxman akalirudia swali takriban mara 12, kwa maneno karibu yale yale.

Baadaye alikiri kuwa aliendelea kuuliza kwa sababu taarifa iliyopaswa kufuata haikuwa tayari. Kwangu hilo si dosari. Ni mara ngapi haja ya kizina tu imetuletea mshororo bora wa shairi zima?

Wako wanaodai kwamba Kiswahili, kwa adabu yake, hakiwezi kumbana mkubwa. Sikubali. Litazameni neno “ulimtishia”. U- yamtaja mtenda, -li- wakati, -m- mtendwa, kisha lafuata tendo lenyewe. Neno moja, na pa kutokea hapana. Udhaifu ni wetu tunaouliza: “Mheshimiwa, wananchi wangependa kufahamu ni yapi yaliyojiri.” Mtenda yuko wapi hapo? Naye mheshimiwa hujibu kwa sarufi tuliyomkopesha: “Hatua zimechukuliwa, suala linashughulikiwa.” Zimechukuliwa na nani? Linashughulikiwa na nani?

Sisemi tuige kila alichofanya Paxman. Kejeli zake nyakati nyingine zilivuka mpaka, na kwetu mtangazaji wa namna hiyo angepoteza wasikilizaji kabla ya kupata jibu. Lakini adabu haikutuagiza kulificha swali. Mwamkie mgeni, mpe cheo chake, kisha muulize: “Ulimtishia?” Asipojibu, lirudie kwa sauti ile ile, bila tusi.

Jadi yetu ya kujibizana kwa mashairi inalijua hili. Aliyeulizwa kwa ubeti akajibu jambo jingine, hadhira humtambua papo hapo. Kwa nini basi tumvumilie kwenye televisheni mtu ambaye uwanjani tungemzomea?

Nawaachia uwanja.