Mbwa Akikojoa Chumbani, Usikimbilie Rungu

Wakazi wengi wa Kibera na Kawangware hufuga mbwa kwa sababu moja: wezi. Mchana mbwa hurandaranda vichochoroni. Usiku hulala ndani ya chumba kile kile cha mabati, hatua mbili kutoka pale wanapolala watoto. Miaka inapita bila yeye kuchafua. Kisha asubuhi moja sakafu yakutwa imelowa mkojo. Mbwa hupigwa, husuguliwa pua kwenye mkojo wake, na akirudia hufukuzwa akawe koko.

Kwa maoni yangu, kipigo hicho ni kosa, tena kosa linaloweza kuiponza familia nzima.

Yafaa ifahamike kwamba mbwa aliyezoea kujisaidia nje haanzi kukojoa ndani kwa ukaidi. Huenda anaugua kibofu, figo au kisukari, hasa ikiwa anakunywa maji kupita kawaida. Jike anayetaka dume hukojoa ovyo, na dume asiyehasiwa hutia alama. Mbwa mzee hushindwa kujizuia. Mwingine amefungiwa tu tangu magharibi hadi mapambazuko. Ukimpiga kwa kosa la usiku uliopita hatambui unamwadhibia nini. Atakachojifunza ni kukuogopa na kukojoa mafichoni.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Mkojo wa mbwa mgonjwa unaweza kubeba bakteria wa leptospirosisi, ambao mbwa huwapata kwa panya na maji machafu ya mitaroni. Panya walionaswa Kibera mwaka 2008 walipopimwa, takriban 18 kati ya kila 100 walikuwa na bakteria hao. Binadamu huambukizwa kupitia mikwaruzo ya ngozi, macho au mdomo. Huumwa kichwa na misuli, hushikwa na homa, na wengine macho huwa ya manjano. Wengi hudhani ni malaria. Fikiria basi mtoto anayetambaa kwenye sakafu hiyo!

Ufanyeje? Vaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi. Osha kwa sabuni na maji mengi, kisha upake Jik, sehemu moja kwa tisa za maji, mlango ukiwa wazi. Usichanganye Jik na siki wala usiimwage juu ya mkojo ambao haujaoshwa, kwani hutoa hewa yenye sumu. Anika mkeka juani, maana harufu ikibaki mbwa atarudi pale pale. Mtoe nje alfajiri, baada ya kula na kabla ya kulala, mahali pamoja kila siku, na umsifu akijisaidia. Hali ikiendelea, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Nawe ukipata homa, mweleze daktari kwamba unaishi na mbwa.

Najua wengi watauliza: pesa za daktari zitatoka wapi? Hilo ni swali la haki. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti. Yapasa Kaunti ya Nairobi iwalete madaktari hao Laini Saba, Gatwekera na Gatina, wachanje na kuhasi mbwa kwa bei nafuu, na izoe taka zinazowanenepesha panya.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mkojo huo sakafuni ni wingu. Usilipige rungu, lichunguze.