Majengo tunayo, wachungaji wako wapi?

Ndugu Mhariri,

Naandika nikiwa na hasira, univumilie. Jumapili iliyopita mtaani kwetu ilitangazwa ibada ya Chakula cha Bwana. Mama yangu miguu imemvimba, na siku hizi kanisani haendi ila kwa ajili ya sakramenti. Alikataa hata chai, ashiriki akiwa amefunga. Nikamkodia bodaboda, nikapanda nyuma yake kumshikilia, tukateremka na lile tope hadi kanisani.

Ibada ikaanza saa tatu. Mwinjilisti akahubiri, akamaliza, akahubiri tena. Kwaya zikaimba mpaka zikaishiwa nyimbo. Divai na mikate vipo madhabahuni chini ya kitambaa cheupe, mchungaji hayupo. Mwinjilisti wetu anafundisha kipaimara, anazika, anaombea wagonjwa, lakini meza ile hana mamlaka ya kuihudumia. Saa nane kasoro ikaja simu: mchungaji alichelewa kutoka mtaa mwingine, na pikipiki imemzimikia mlimani. Tutawanyike. Sadaka, hata hivyo, hazikukosa wa kuzipokea! Bahasha ya ahadi, bahasha ya jengo, halafu mnada nje, jogoo akauzwa, akarudishwa, akauzwa tena. Mama akarudi nyumbani na njaa yake.

Mchungaji simlaumu. Ni mmoja, mitaa lukuki, na bado vikao, ndoa na misiba vinamngoja. Lawama ni yetu washarika na wakubwa wetu wa dayosisi. Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilizaliwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba. Leo waumini ni mamilioni, na mitaa mipya inafunguliwa kila kukicha. Tunachangishwa bati, marumaru, vyombo vya muziki. Nani amewahi kupewa bahasha ya ada ya mwanafunzi wa uchungaji chuoni Makumira? Mwinjilisti wetu huyo huyo alisoma chuo cha Biblia Mwika, wito anao, ila kila akiuliza lini ataenda kusomea uchungaji anaambiwa asubiri, fedha hakuna. Asubiri mpaka lini, na wachungaji waliotubatiza wanastaafu?

Na wachungaji wengine tunawakataa wenyewe. Kanisa liliridhia tangu 1990 wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, lakini wapo wazee wa kanisa ambao hadi leo wanakunja uso mchungaji mama akipangiwa kwao. Waendelee kukunja, watazikana wenyewe kwa wenyewe.

Halafu nasikia Jumapili hiyohiyo mjini kulikuwa na harambee ya jengo, mgeni rasmi mheshimiwa fulani, na wachungaji walijaa viti vya mbele na majoho yao. Kwa waheshimiwa hawapungui! Mheshimiwa huyo akija kwetu mwaka wa kura, tafadhali asituletee vipaza sauti. Alipe ada ya kijana mmoja mpaka amalize chuo. Ila najisumbua bure: saruji aliyotuahidi uchaguzi uliopita, hadi leo hatujaona hata mfuko mmoja.

Msharika,
Kilimanjaro