Poda hutoka kwa maji, mkorogo hautoki

Binti anayepeleka flashi kurushiwa season za Kikorea pale Kariakoo anaweza kurudi nyumbani na vipande vyote 16 vya True Beauty, tamthilia iliyoonyeshwa na kituo cha tvN cha Korea Kusini kuanzia Desemba 2020 hadi Februari 2021. Hadithi imetoka kwenye katuni ya mtandaoni ya Yaongyi. Lim Ju-kyung, mwanafunzi wa sekondari, anachekwa na kuonewa kwa sababu ya sura yake. Anajifunza kujipodoa kwa video za mtandaoni, anahamia shule nyingine, na huko anasifiwa kwa urembo. Tangu siku hiyo anaishi kwa hofu moja: asionekane bila poda.

Mwigizaji Moon Ga-young anaicheza hofu hiyo vizuri mno. Lakini pana mahali tamthilia inadanganya. Chunusi za Ju-kyung zimechorwa kwenye uso wa mwigizaji ambaye kila mtazamaji anajua ni mrembo, na anayempenda bila vipodozi ni kijana mtanashati kuliko wote darasani. Ni rahisi kumhimiza mtu wa namna hiyo ajikubali.

Halafu Ju-kyung akifika nyumbani ananawa, yakaisha. Binti wa Dar es Salaam anayetaniwa kwa weusi wake huuziwa kitu kingine kabisa: mkorogo wa kujichubua. Muuzaji wa mkorogo huchota krimu, hukamulia tyubu za dawa ya ngozi, huongeza mafuta, hukoroga kwa kijiko mpaka rangi iwe moja, kisha hujaza kikopo kisicho na lebo wala tarehe. Ndani mnaweza kuwa na haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali ambayo daktari huiandika kwa muda mfupi tu. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake na huumiza figo. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana na kidonda kinachelewa kupona. Vifundo vya vidole hubaki vyeusi, na hapo mtaa humcheka mara ya pili, safari hii kwa kujichubua.

Marufuku ya vipodozi hivyo ipo, tangu enzi za Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), na kuanzia Julai 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mwaka 2023, huko Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kuondoa vipodozi vyenye zebaki ifikapo 2025. Shehena hukamatwa na kuteketezwa, na nyingine huingia, kwa sababu msako huanzia dukani wakati mahitaji huanzia sebuleni. Shangazi humtania mtoto kwa weusi mbele ya wageni. MC humsifia bibi harusi weupe kabla hajamsifia jambo jingine lolote. Mpambaji naye huchagua fandesheni nyepesi kuliko shingo ya mteja, picha za harusi zikatoka na uso wa mtu mmoja na mikono ya mwingine.

Hapa True Beauty inasema kweli. Video ya Ju-kyung akionewa inasambazwa shuleni na Kang Su-jin, rafiki aliyekula naye na kucheka naye. Kidonda kinatoka kwa mtu wa karibu. Tamthilia haikwepi kuonyesha hilo, wala haimalizii kwa kumwambia Ju-kyung atupe wanja wake. Anakua, anaipenda kazi ya kupamba, na inakuwa ajira yake.

Wapambaji wa Kariakoo wana kazi hiyohiyo, na wana nguvu kuliko msako wowote, maana wao ndio wanaomshikia bibi harusi kioo. Wapime fandesheni kwenye taya na shingo, si kwenye matamanio ya ukoo. Mteja akiomba apaukishwe, aonyeshwe kwanza rangi yake ikiwa imepambwa vizuri. Na wanapokwenda kununua kwa wauzaji wa jumla, waulizie rangi za ngozi nyeusi kila mara, hata zikikosekana, kwa sababu mfanyabiashara wa Kariakoo huagiza kile anachoulizwa.