Mitishamba ni dawa, basi iulizwe kama dawa

Anayemeza vidonge vya sonona huku akiongezea kirutubisho cha mitishamba mara nyingi hamwambii daktari, kwa kuwa hakihesabu kirutubisho hicho kuwa dawa. Na daktari naye haulizi. Chukua mmea wa Hypericum perforatum, unaouzwa Ulaya na Marekani kwa jina la St. John's wort, ambao leo mwenye simu yoyote anaweza kuuagiza. Mwaka 2008 wataalamu wa Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za tiba, walipitia majaribio 29 yenye wagonjwa zaidi ya 5,000, wakaona kuwa mmea huo ulivishinda vidonge visivyo na dawa na kulingana na dawa za kawaida za sonona. Watetezi wake huishia hapo. Mimi hofu yangu inaanzia hapo: kitu chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kugongana na tiba nyingine.

Mmea huo huongeza kemikali ya serotonini kwenye ubongo, na fluoksetini, mojawapo ya dawa za kawaida za sonona, hufanya vivyo hivyo. Vikikutana, kemikali hiyo inaweza kupita kiasi: mtu akatetemeka, akaharisha, akatokwa jasho, moyo ukaenda mbio, misuli ikakakamaa, na hali ikizidi akafa. Kirutubisho cha 5-HTP, kinachotokana na mbegu za Griffonia simplicifolia ya Afrika Magharibi, nacho hugeuzwa na mwili kuwa serotonini. Tena St. John's wort huliamsha ini livunje dawa nyingine upesi. Mwaka 2000 ilithibitishwa kwamba hupunguza indinavir, dawa ya VVU, kwa zaidi ya nusu katika damu. Mwaka huohuo madaktari wa Zürich walieleza habari za wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo, ambao miili yao ilianza kuukataa baada ya kutumia mmea huo. Kwa nchi zetu, ambako mtu anaweza kuwa anatibiwa VVU na sonona kwa pamoja, hili si jambo la mbali.

Watu watasema wazee wetu waliishi kwa mitishamba. Ni kweli, lakini hawakuinywa pamoja na fluoksetini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987 tu. Wengine watasema dawa za hospitali nazo hugongana. Ndiyo, na ndiyo maana hubeba karatasi ya maonyo, ambayo chupa nyingi za virutubisho hazina. Pingamizi ninalolikubali ni hili: wagonjwa huficha kwa sababu wakisema hukaripiwa. Tanzania ina sheria inayotambua tiba asili tangu 2002, kwa hiyo mhudumu hana sababu ya kumwaibisha mtu. Aulize kwa upole, kila ziara, mgonjwa anatumia nini kingine: chai, unga, vidonge vya mtandaoni. Naye mgonjwa asiache vidonge vyake ghafla ili ahamie mitishamba, kwani fluoksetini hubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, na mgongano unaweza kutokea hata mtu akidhani amekwisha kuiacha.